Tumekuja Kujuliana Hali Tu

Jumapili ya wiki iliyopita nilikuwa bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, na karai langu la viazi, mafuta yameshika moto, watu wametoka kupunga upepo na watoto wao, mara simu ikalia. Ilikuwa nambari ya shuleni. Binti yangu ameingia gredi ya kumi mwaka huu, akapangiwa shule ya bweni huko bara, mbali na bahari na mbali na mimi. Wanafunzi hupewa simu ya matroni Jumapili jioni, mmoja mmoja, wengine wakiwa foleni nyuma yake. Nikamwambia mteja ajitilie ukwaju mwenyewe, nikaziba sikio moja kwa kidole.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Niko sawa."

Akamuulizia paka, akaniuliza kama mvua imenyesha, simu ikakatika. Mteja akaniambia viazi vinaungua, na kweli vilikuwa vinaungua. Mwenzangu, hilo "niko sawa" nalijua. Nalijua kwa sababu mimi mwenyewe nililisema nikiwa na umri kama wake, na nilipolisema sikuwa sawa hata kidogo.

Kesho yake nilikwenda sokoni kununua bizari, miguu ikanipeleka Mji wa Kale bila kuniuliza. Nyumba ya bibi bado ipo, kuta zile zile za mawe ya matumbawe, mlango ule ule mzito. Lakini baraza ya nje, tuliyokuwa tukiifagia kila alfajiri na kuimwagia maji ili vumbi litulie, imezungushiwa nondo, na ndani yake zimetundikwa kanga na vinyago vya kuuzia watalii. Kijana wa dukani akanikaribisha kwa heshima. "Karibu mama, kuangalia ni bure." Nimezaliwa nyumba ile, nimekatwa kitovu ndani yake, leo naambiwa kuangalia ni bure. Nikamshukuru nikapita.

Ungeijua baraza ile enzi zake. Asubuhi ilinuka mahamri na iliki, mchana ikawa ya wazee na kahawa, na jioni ikawa ya bibi na shoga zake. Hapo ndipo nilipofundishwa kusalimu. Kwetu salamu haikuwa neno la kutupa ukipita, ilikuwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Hujambo? Sijambo. U mzima? Mzima, alhamdulillahi. Wa nyumbani hawajambo? Hawajambo. Na yule mgonjwa? Ameamka vyema. Kila jibu lilikuwa jema, hata kama nyumbani kwa mtu kumelala maiti. Kisha watu hunyamaza kidogo, kahawa ikamiminwa, na ndipo yule aliyekuja alipovuta pumzi akasema, "Lakini..." Huko baada ya lakini ndiko shida ilikokaa, na aliyeulizwa hali alijua kwamba atangojwa mpaka afike. Hata jirani yetu Bohora, mwenye duka la viungo, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, aliacha kupima pilipili mpaka salamu ziishe, na foleni ya wateja haikumshughulisha.

Bibi alipenda kusema, mficha uchi hazai. Alikuwa akituambia hivyo kila tulipoficha homa au kidonda. Lakini aliongeza la kwake, akasema hata huo uchi haufunuliwi mlangoni.

Basi nikafaulu darasa la nane, nikapata sekondari ya kutwa kule Tudor. Uchochoro mzima ulifurahi. Bibi alinipigia pasi ya makaa mtandio mweupe mpaka ukawa unakwaruza shingo, na kila asubuhi alinifungia mahamri mawili kwenye gazeti, mafuta yakapenya yakachafua vitabu. Nilikwenda kwa miguu pamoja na wasichana wengine wa Mji wa Kale, tukicheka njia nzima. Tukifika getini kicheko changu kilikwisha.

Shule ya msingi tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha kwa Kizungu cha kitabuni, akiona tumekodoa macho hurudia kwa Kiswahili mpaka tuelewe. Sekondari hapakuwa na wa kurudia. Kuanzia kengele mpaka kengele ni Kizungu, na Kizungu chenyewe cha mbio. Hisabati ya Jumanne ilisimama juu ya hisabati ya Jumatatu, na mimi ya Jumatatu sikuielewa. Siku niliyoinuliwa kusoma kwa sauti, darasa lilicheka. Labda hawakukusudia ubaya, watoto ni watoto. Lakini tangu siku hiyo mdomo wangu ulifunga. Niliketi benchi la nyuma, nikaandika yaliyo ubaoni bila kujua naandika nini, na walimu wakanisifu kwa utulivu.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mama wa bara, mumewe akifanya kazi bandarini. Alikuwa mwema, wallahi, sitamsema vibaya. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Hapa mimi ndiye mama yenu. Mwenye shida yoyote, mlango wangu uko wazi." Na haikuwa porojo, mlango ulikuwa wazi kweli, umewekewa jiwe usijifunge na upepo. Wenzetu wa bara waliingia moja kwa moja. "Mwalimu, nina shida," walisema, hata habari za asubuhi hawajamaliza. Sisi wa Mji wa Kale tulitazamana tukasema hawa hawakulelewa. Lakini hao wasiolelewa ndio waliosaidiwa. Mmoja alihamishiwa benchi la mbele, mwingine akatafutiwa dada wa kidato cha tatu wa kumfundisha hisabati baada ya masomo. Mimi niliona yote hayo, nikatamani.

Siku moja nilijikaza nikaenda. Nikasimama penye lile jiwe, mikono nyuma.

"Habari za asubuhi, mwalimu?"

"Nzuri. Una shida?"

"La, mwalimu. Sina shida."

Usinicheke. Ningesemaje nina shida, na sijamuuliza watoto wake, sijamuuliza amelalaje? Nilikuwa bado niko mlangoni mwa salamu. Nilingoja aniulize tena, na tena, kama nilivyozoea kuulizwa, ili nifike kwenye lakini yangu. Yeye akatabasamu, akaniambia, "Vizuri, basi rudi darasani." Nikarudi.

Ni bibi aliyenitoa neno. Hakuniita mbele yake akaniweka kitako, hakuwa mtu wa hivyo. Ilikuwa Jumamosi, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi ya mbaazi, yeye anachambua mchele kwenye ungo. Akaanza kunisalimu kana kwamba mimi ni mgeni niliyetoka safari. Hujambo, mwanangu? U mzima? Masomo hayajambo? Wenzio hawajambo? Nikajibu njema, njema, njema. Akanyamaza. Akatoa chuya moja, akatoa nyingine. Hakunitazama. Nami nazi ikanishinda, nikasema, "Lakini bibi, sielewi kitu." Nikalia mpaka nazi ikaingia machozi. Bibi akaendelea na mchele wake mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Jumatatu twende."

Jumatatu alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akachukua kikapu cha mahamri kilichofunikwa kitambaa cheupe. Mkono mtupu haulambwi. Tulikwenda Tudor kwa miguu, polepole kwa sababu ya magoti yake, na njiani alikuwa akijisemea atakayoyasema. Nilimsikia. Alikuwa ameyapanga vizuri: mtoto haelewi Kizungu, mtoto aogopa kuchekwa, mtoto atafutiwe wa kumfundisha kama yule mwingine. Nilijisikia mwepesi. Nilijua bibi akisema kitu husikizwa, kwetu hata wanaume walimnyamazia.

Mwalimu alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Kuna shida?"

"Shida iondoke, mwanangu," bibi akasema. "Tumekuja kujuliana hali tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilijua hiyo si habari, hiyo ni hodi. Kila mtu wa uchochoroni kwetu angelijua hilo, angemimina kahawa akangoja. Lakini mwalimu alicheka kwa furaha, akasema ni vizuri wazazi kutembelea shule hata kama hakuna tatizo. Bibi akamuuliza hali. Akamuuliza mume, watoto, wazazi walioko bara, mvua ya huko, na alipoambiwa mama yake anaumwa mguu, akauuliza na huo mguu. Mwalimu akajibu yote kwa adabu, akitupa jicho kwenye saa ya ukutani. Akasema, "Huyu msichana wenu hana matatizo kabisa. Ni mtulivu sana. Laiti wote wangekuwa kama yeye." Bibi akanyamaza. Akavuta pumzi. Nami nikavuta pumzi pamoja naye.

Kengele ikalia.

Mwalimu akasimama, akakusanya vitabu, akamshika bibi mkono kwa mikono yote miwili. "Asante sana kwa mahamri, mama. Karibu tena siku nyingine." Akatoka kwenda kufundisha. Bibi alibaki kitini, mdomo umeshafunguka na neno liko humo humo. Sijapata kumwona hivyo tena. Mtu mzima, mwenye heshima zake, kafika mpaka mlangoni pa jambo lake na kaachwa na kiti.

Tulipokaribia nyumbani alisimama kupumzisha magoti. "Mwalimu mwema," akasema. "Ila hana pa kukaa." Akaahidi atarudi, na naamini angerudi, ila magoti yakazidi, kisha ikaja sukari, na mwaka ukaisha yuko kitandani. Mimi niliingia kidato cha pili na kutoelewa kwangu kule kule. Asubuhi moja nilibaki nyumbani kumpikia bibi uji. Kesho yake nikabaki tena. Baada ya siku kadhaa mwalimu alimtuma mwenzangu wa darasani, mtoto wa Tudor, aje kuniangalia. Akasimama mlangoni na begi lake mgongoni.

"Mwalimu anauliza, uko salama?"

"Mwambie niko salama," nikasema. Nikamwambia karibu ndani, akasema ana haraka, akaenda zake. Masomo yangu yakaishia hapo, pale kizingitini. Bibi alisikia yote kutoka kitandani. Aligeukia ukutani.

Sikuwa na maisha mabaya, tusidanganyane. Viazi vimenilisha, vimemlea mwanangu. Nilipompeleka shule mwanzoni mwa mwaka, nikamnunulia sanduku la bati, ndoo na godoro, tulikutana na mwalimu wa ushauri, kijana mchangamfu. Akatuambia wazazi tusiwe na wasiwasi, mtoto akiwa na shida aje tu, ofisi iko wazi. Nikatafuta kwa macho kama mlango una jiwe. Nikamvuta binti yangu pembeni nikamwambia, "Ukiwa na shida sema, usingoje kuulizwa." Akasema sawa, mama. Lakini huyu amelelewa na mimi, na mimi nililelewa na bibi. Nimemfundisha kusalimu kabla sijamfundisha kula.

Basi jana Jumapili akapiga tena. Safari hii nilikuwa nimeliepua karai mapema, wateja wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

"U mzima?"

"Mzima."

"Wenzio hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na walimu? Na chakula?"

"Vizuri tu, mama."

Nikanyamaza, kama bibi alivyonyamaza juu ya ungo. Nilisikia kelele za wasichana nyuma yake, na milango ya bati ikigongwa. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Lakini mama..." akasema.

Na sauti ya mtu mzima ikasema muda umekwisha, wengine wanangoja. Simu ikakatika mkononi mwangu. Nikapiga, nikapiga tena, mwishowe matroni akapokea. Akaniambia kwa upole nisubiri Jumapili ijayo. "Usijali, mama," akasema. "Binti yako hana matatizo kabisa. Ni mtulivu sana."

Nimekata tikiti ya basi. Mahamri nimeyakanda, kwa kuwa kwenda mikono mitupu siwezi, hilo halitanitoka. Lakini salamu nitaziacha nje ya geti. Nitaingia ile ofisi, sitakaa kitini, sitamuuliza mtu amelalaje, nitasema kama walivyosema wale wasichana wa bara: mwalimu, mwanangu ana shida. Waniite sina adabu. Bibi anisamehe huko aliko. Tangu asubuhi nafanya mazoezi mbele ya kioo, na sentensi hiyo naiweza sasa. Kisha namwona mwalimu ananiuliza, kama ilivyo haki yake, shida gani, mama? Na mimi nasimama pale mbele ya kioo na kikapu changu, kwa sababu siijui. Nilichopewa ni lakini tu.