MAMA kwenye Simu ya Baba

Wiki iliyopita nilisimama kwenye foleni ya benki nyuma ya mwanamke aliyejipulizia marashi ya waridi, yale ya chupa ndogo yanayouzwa na wauza udi. Nilinusa mara moja tu, nikajikuta nimerudi sebuleni kwetu Tunduma, sikio langu limebanwa kwenye mkono wa simu. Mama yangu alikuwa akiipangusa simu yetu kwa marashi hayo kila Ijumaa, kwa sababu kila mgeni aliyeomba kupiga aliiachia pumzi yake: huyu ya ugoro, yule ya samaki. Kwa hiyo mimi, mpenzi msomaji, mpaka leo nikisikia waridi nasubiri mtu aseme "halo".

Simu yenyewe baba aliinunua ng'ambo, Nakonde, kwa Mzambia mmoja aliyekuwa akimletea spea za malori. Ilikuwa nyeusi, na waya wake uliojikunja ulikuwa umenyooshwa na mikono yetu hadi ukafika mlango wa jikoni. Kilichowashangaza majirani ni kile kioo kidogo juu ya vitufe, maana simu za wengine hazikuwa nacho. Yetu iliweza kutunza majina. Ungeandika jina la mtu, ukaweka namba yake, na siku nyingine ukalitafuta jina tu, simu ikajipigia yenyewe.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kuyaandika hayo majina. Baba alijaribu jioni nzima akaishia kupata herufi J tatu mfululizo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, binti yake wa pekee, na nilijua kwamba kazi ile ilikuwa inanisubiri mimi.

Ikaenda kwa Atupele.

Atupele alikuwa binti wa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayeishi Ikinga kule Ileje. Baba yake alikuwa amefariki, naye akaletwa kwetu asome, akiwa na miaka kumi na miwili, sanduku moja la bati na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wetu. Aliikalia ile simu siku moja tu. Akagundua kwamba kitufe cha mbili ukikibonyeza mara moja ni A, mara mbili ni B, mara tatu ni C. Kufika Jumamosi alikuwa amehamisha daftari zima la baba: mawakala wa mpakani, wanunuzi wa kahawa wa Mbozi, madereva, wote ndani. Baba alifurahi hadi akalitoa daftari lile kwa mama awashie jiko la mkaa. Tangu hapo, akitaka namba ya mtu, haniiti mimi, Rehema. "Atupele! Hebu nitafutie yule mzee wa Msangano." Nami nipo palepale, nimekaa miguuni pake, nina mikono miwili na vidole kumi.

Niliona wivu, sitakudanganya. Nilimwonea wivu kwa namna alivyoinamisha kichwa akibonyeza, kwa namna baba alivyomwita fundi wangu, hata kwa namna mama alivyombakizia ukoko wa wali. Watu wazima husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikupona kitu.

Lakini lililonichoma hasa ni jina moja. Jioni moja nilikuwa nikipitisha majina kwenye kile kioo, nikafika herufi M, nikaona: MAMA. Nikaiangalia namba, sikuijua. Nikamuuliza Atupele, akajibu bila kuinua macho kwenye daftari lake, "Ni mama'angu. Namba ya duka."

Nikueleze jinsi ilivyokuwa. Ikinga, nyumbani kwa mama mdogo, hapakuwa na simu. Kilichokuwepo ni duka moja lenye simu kwenye senta, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwake, na simu hiyo mwenye duka aliifunga kwa kufuli dogo ili iwe ya kupokea tu. Kwa hiyo watu waliwekeana ahadi ya simu. Kila baada ya wiki mbili, Jumapili saa nane mchana, mama mdogo alitoka kanisani moja kwa moja hadi dukani, akakaa kwenye gunia la chumvi kungoja. Atupele naye akitoka kanisani alikaa kwenye kigoda chetu, akabonyeza MAMA, wakaongea kwa Kindali dakika tano, akicheka kicheko ambacho sisi wa nyumba ile hatukuwahi kukisikia siku nyingine yoyote. Ikishindikana, walikuwa wamekubaliana kurudia Jumapili inayofuata.

Mimi sikuyafikiria hayo ya kutembea saa tatu. Nilifikiria kwamba nyumba ni yetu, simu ni ya baba, mama aliyemo humo ndani ni wangu, halafu MAMA wa kwenye simu ni wa Atupele.

Basi Jumamosi moja alipokwenda kisimani, nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimemchungulia siku nyingi na hatua zote nilizijua. Nikalifungua lile jina, nikafuta namba ya duka tarakimu moja baada ya nyingine, na mahali pake nikaweka namba ya nyumbani kwetu, ambayo nilikuwa nimeikariri kama dua. Sasa MAMA alikuwa mama yangu. Niliona nimetenda haki.

Kesho yake saa nane Atupele akabonyeza. Simu ikipiga namba yake yenyewe, kama unavyojua, hutoa mlio wa laini inayotumika: tii, tii, tii. Akaweka mkono wa simu chini, akangoja, akabonyeza tena. Baba akapita akasema, "Kuna mtu anaongea huko. Subiri, mwanangu." Akasubiri hadi saa kumi na moja. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu naye, na nakiri kwamba kwa saa ile ya kwanza nilisikia raha. Saa ya pili raha ikapungua. Hofu ikaja, na hofu ndiyo iliyonifunga mdomo, kwa sababu nilishajua kwamba namba ya duka haikuwa imeandikwa mahali pengine popote. Daftari lilikuwa limeshakuwa majivu.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Siku hiyo Atupele hakubonyeza mara nyingi. Alijaribu mara mbili, kisha akakiangalia kile kioo kwa muda mrefu, akanyanyuka, akaenda kufua sare yake.

Jumanne, mama mdogo akaingia uani kwetu. Alikuwa amepanda lori la magogo sehemu, sehemu nyingine ametembea, na vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Hakusalimia. Alimshika mama yangu mabega yote mawili akasema, "Dada, niambie tu. Nimekuja kumwona au nimekuja kuzika?"

"Kuzika nani? Mtoto yuko shule!" mama akajibu.

Mama mdogo akakaa chini palepale mchangani. Atupele aliporudi, mama yake alimpapasa kichwa, masikio, mikono, kama mtu anayekagua gunia lililoanguka njiani. Nami nyuma ya pazia, na hatia yote ile kifuani, bado niliona wivu. Mama yangu niliyemwona kila siku hakuwahi kunipapasa hivyo.

Watu wazima wakailaumu laini. Mama mdogo akafungua pindo la kanga, akatoa kikaratasi chenye namba ya duka. Baba akasema, "Atupele, iingize upya." Akaiingiza, ametugeuzia mgongo. Hakuna aliyeuliza ile ya kwanza iliharibikaje, naye hakusema. Usiku ule mama mdogo alilala katikati yetu, akanikumbatia mimi kwa mkono mmoja na kuniita mwanangu.

Wiki mbili baadaye Atupele aliongea na mama yake kama kawaida. Nilipochungulia majina, MAMA alikuwepo bado, na namba yake ilikuwa ileile ya kwetu. Sikuelewa alipiga vipi. Sikuthubutu kuuliza.

Miaka ikapita. Atupele akaenda sekondari ya bweni, simu za mkononi zikafika Tunduma, na baba akaniagiza niyanakili majina yote kabla ile simu haijaondolewa ukutani. Hatimaye kazi ilikuwa yangu. Niliandika nikisoma kwa sauti, naye akiniambia nani yu hai na nani wa kuacha. Nikafika F. "Fundi Breki."

"Fundi Breki yupi?" baba akasema. "Mimi sina fundi wa jina hilo. Hebu mpigie."

Nikapiga. Sauti ya mzee ikasema, "Dukani hapa. Unamtaka nani nikamwite?"

Nilimwambia baba kwamba namba imekosewa. Kisha nikaenda kukaa jikoni.

Alikuwa amejua. Ile Jumapili ya pili, alipokiangalia kioo, aliisoma namba yetu na akajua ni mkono wa nani. Kwa miaka yote niliyodhani amechukua nafasi yangu, hakuwahi kujiona ana nafasi ya kutosha nyumbani kwetu hata kusema sentensi moja: Rehema amenifutia mama. Mtoto aliye kwao hupiga kelele. Atupele, akiwa kwa watu, alimchukua mama yake akamficha katikati ya mafundi wa malori, mahali ambapo mtoto mwenye wivu asingefikiria kutafuta.