Boksi la Barafu na Nguruwe wa Mama Mkwe

Simion Moldovan anasubiri kupandikizwa figo, huu mwaka wa tano. Jumanne moja figo ilipita mbele ya nyumba yake bila kushushwa, na dereva alikuwa shemeji yake mwenyewe.

Dereva huyo ni Gavril Todoran, miaka hamsini na miwili. Marehemu akitolewa figo kwa ridhaa ya familia, Gavril huibeba kwenye boksi la barafu mpaka hospitali ya mji wa Cluj, Romania. Mgonjwa aliyepangiwa hamjui, wala haruhusiwi kumjua.

"Watu wanadhani ni foleni ya mkate," anasema, huku akifuta kioo cha gari kwa mkono wa sweta. "Ni kama viatu. Kwanza saizi: damu ilingane, mwili usiikatae. Ikiwafaa wengi, ndipo wanaangalia nani amesubiri zaidi, nani ana hali mbaya. Watoto wanatangulizwa."

Siku hiyo mdomo ndio ulimponza. Ilikuwa siku ya kuchinja nguruwe wa Krismasi, na kijijini Valea Prunilor mkwe asiyekuja kushika mguu wa nguruwe huhesabiwa amekufa au ametoroka. Akampigia mama mkwe simu kuomba radhi: ana figo garini, atapita tu.

Alipofika mbele ya nyumba ya Simion, barabara imezibwa. Katikati meza, juu ya meza nusu nguruwe, na nyuma yake mama mkwe, Raveca, mama yake Simion, na chupa ya pombe ya plamu.

Bibi hakutaka kuiba figo. Alitaka kumtunza daktari wa Cluj kwa soseji na pombe ili figo apewe Simion, kama wanavyotunzwa maofisa wote wenye mihuri. Gavril akamweleza kwamba wagonjwa hupangwa na kompyuta, na kompyuta haili soseji. Raveca akauliza kama mwenye kompyuta naye hali soseji.

"Mama, nipishe. Barafu inayeyuka."

"Barafu ninayo, mwanangu. Shuka ule."

"Huenda hata damu yake hailingani na ya Simion."

"Tutaiosha."

Simion akatoka na ndala zake, uso wa njano kama nta, simu mfukoni mwa shati. Haiachi hata akienda chooni. Akalitazama lile boksi kupitia kioo, akakawia kidogo.

"Mama," akasema, "ingekuwa yangu wangenipigia. Simu haijalia."

Akashika upande mmoja wa meza. Meza haikutikisika, nguvu hana. Ikabidi Gavril ashuke, wakaivuta wote wawili, mguu wa meza ukavunjika na nguruwe akaserereka hadi mtaroni. Mbwa wa kijiji walikula Krismasi mapema.

"Nenda, shem," Simion akamwambia. "Kuna mtu simu yake imelia."

Figo ilifika ikiwa salama.

Gavril anasema hana ndoto kubwa. "Siku ya Simion ikifika, sitaki kuibeba figo mimi. Nitapotea njia. Aendeshe mwingine, mimi nikae na mama mkwe. Kama atakuwa anaongea nami."

Kwa sasa hesabu ni hii. Nusu nguruwe. Meza moja. Kiti cha Gavril cha sikukuu, ambacho alipewa jirani. Mama mkwe anayemsalimia mbwa wake na si yeye. Na Simion, ambaye bado hupelekwa hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anayempeleka ni Gavril.