Fundi wa Chumba cha Seva

Fundi wa mitambo wa ofisi ile alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, aliingia chumba cha seva, zile kompyuta zinazoendesha tovuti za ofisi, akaweka kiganja juu ya kila mashine kama mama anayempima mwanawe homa, huku akisikiliza feni zinavyovuma. "Huyu wa tatu kaamka vibaya," angesema, na kweli, kabla ya adhuhuri wa tatu angegoma. Ndiyo maana binti aliyetengeneza tovuti ya matokeo ya mitihani alizunguka wiki nzima akishindwa kumwambia jambo moja: tovuti ameihamishia kwa kampuni ya mbali, ambako programu huamka ikiitwa tu, ikafanya kazi yake, ikalala tena. Seva za ofisini zingezimwa.

Siku ya matokeo watu walimiminika kama siafu, na tovuti haikutetereka. Fundi alisimama nyuma ya kiti cha binti, mikono imekosa pa kwenda.

"Nisamehe, mjomba. Ilinipasa nikuambie mapema."

Binti akamweleza tovuti ilikohamia, na jinsi programu zinavyoamka zikiitwa tu. Fundi akainamia skrini. "Hizo programu zinaamkia wapi? Hewani?"

"Hapana. Kwenye seva za watu, ila sisi hatuzioni."

"Kwa hiyo kuna mtu anazitunza?"

"Wapo, mjomba. Tena wengi."

Uso ukamkunjuka. "Basi Mungu awape nguvu, maana kazi yao naijua," akasema, akavuta kiti akaketi kando yake. "Haya, mwanangu, nifundishe. Ila polepole, kichwa changu hiki kina kutu."