Neno Lisilosemwa Mlangoni

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, na shemeji alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Wiki nzima walikuwa wanapishana mlangoni: huyu anaingia kulala, yule anatoka na mkasi mkobani. Ijumaa usiku tu ndipo shemeji alipolala nyumbani, hivyo Sabato ndiyo siku pekee waliyokuwa macho wote wawili.

Sasa sikia dada alivyoitunza. Ijumaa kabla jua halijazama cherehani imeshafunikwa, na kesho yake hakushonei hata kifungo kining'inie vipi. Sawa. Lakini akishatoka asubuhi ni shule ya Sabato, kwaya, kikao cha akina mama, zamu ya hiki na kile, mpaka jioni. Nilimbandika jina Mama Zamu. Akacheka, akasema kazi ya Mungu haichoshi.

Shemeji akitoka ibadani alikuwa anapasha chakula kilichopikwa jana yake, anapakua sahani mbili, anazifunika, anangoja. Mpole yule, ugomvi hakuujua.

Basi mwaka huo akamwomba dada Sabato tatu mfululizo.

"Mke wangu, nina neno. Si la kusema tukipishana mlangoni. Tukitoka ibadani turudi wote, tukae."

"Sabato ijayo, baba. Leo nina zamu."

Nilimwambia, "Dada, Mungu mwenyewe alipumzika, wewe ni nani?" Akasema nina mdomo. Kweli ninao.

Sabato ya tatu zamu yake ilikuwa ya kutembelea wagonjwa. Shemeji hakwenda ibadani. Alisema kifua kinambana kidogo, ni uchovu tu. Dada akaenda kuwashika mikono watu baki, akawaombea kitanda kwa kitanda. Aliporudi jua likizama, alimkuta mumewe ameinamia meza, ameshapoa.

Mtu asiniambie majuto ni mjukuu. Haya yalifika siku hiyohiyo.

Baada ya mazishi mchungaji alimpumzisha zamu zote. Sabato iliyofuata nilimkuta amekaa pale mezani tangu asubuhi. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu, nakiri. Zilikwisha nilipomwona.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "wewe hakukuambia? Lilikuwa neno gani?"

Hakuniambia. Hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa anamngoja mkewe.