Kamusi na Ripoti ya Chumba cha Rangi

Kiwandani walimwita Kamusi, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa karani wa barua katika kiwanda cha ngozi, mtu mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwaandikia wakubwa Kiingereza chao. Meneja alibwata, Kamusi akaandika barua ya adabu. Tangu shuleni alipenda maneno yanayokaribiana maana, na katika hayo aliyapenda zaidi maneno ya ubaya. Saa ya chai wenzake walimchokoza makusudi.

"Kamusi, hebu tupe kibaya."

Naye aliyamwaga bila kupepesa: bad, poor, harmful, hurtful, injurious, noxious, pernicious, mpaka mtu wa stoo akapaliwa na chai kwa kicheko.

"Hawa Waingereza ubaya wameujengea nyumba nzima," alisema mtu wa stoo.

"Na funguo ninazo mimi," Kamusi akajibu.

Mdogo wake wa kike alifanya kazi humo humo kiwandani, chumba cha rangi. Kamusi mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi, baada ya mumewe kuondoka na kumwachia mabinti wawili. Chumba kile kilikuwa na mapipa manane ya dawa na dirisha moja lililopigiliwa misumari ili ngozi zisiingiwe na vumbi. Wanawake walizamisha ngozi kwa mikono, wakazigeuza, wakazitoa. Glavu zilipotoboka walizifunga kwa mpira wa baiskeli. Mwaka wa pili vidole vya mdogo wake vilianza kubabuka. Mwaka wa tatu kikaja kikohozi, kikavu, kisichokuwa na haya, kinachomkata maneno katikati.

Ndipo mkaguzi wa serikali alipokuja. Alizunguka siku nzima na kitambaa puani, na baada ya wiki mbili akaleta rasimu ya ripoti yake ili kiwanda kitoe maoni kabla haijapigwa muhuri. Meneja alimwita Kamusi ofisini, akafunga mlango, akaweka kidole juu ya sentensi moja. Ilisema hewa ya chumba cha rangi ni injurious.

"Hili neno linanuka," meneja alisema. "Nitafutie linalonuka kidogo."

Kamusi alivuta kiti. Ukweli ni kwamba alifurahi, kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kigumu.

"Injurious ni yenye kuumiza. Harmful ni yenye madhara, hiyo haitakusaidia. Adverse ni yenye kwenda kinyume na mtu. Halafu iko unfavourable."

"Hiyo ya mwisho vipi?"

"Isiyopendeza sana. Hata mvua ikinyesha siku ya mpira, hali ya hewa wanaiita hivyo."

Meneja alicheka hadi mabega yakatikisika. "Weka hiyo. Mkaguzi ni mtu wa amani, hatagombana nasi kwa neno moja."

Kamusi aliinuka, akafika mlangoni, akasimama. "Bwana, mdogo wangu yuko kule ndani. Kama angepata nafasi kwenye ufungaji..."

"Nikimhamisha yeye, kesho watataka kuhama wote. Watauliza kwa nini. Wewe utawaambia nini?" Meneja alikwisha shika faili lingine. "Kachape."

Akachapa. Mkaguzi akatia sahihi. Mwezi uliofuata Kamusi alipewa meza yenye droo mbili na feni.

Jioni moja mdogo wake alimngoja getini, kanga ameikunja mdomoni.

"Kaka, ile ripoti ilisema nini?"

"Ilisema hali si nzuri sana."

"Si nzuri sana tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Hakusema uwongo hata neno moja. Alirudi nyumbani akala, akalala.

Miezi saba baadaye mdogo wake alianguka kati ya mapipa. Daktari alisema mapafu yamekwisha liwa na akamwandikia asirudi kazini. Kiwanda hakikumsubiri: kikamwachisha kazi, na barua ya kumwachisha aliiandika Kamusi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wanawake wenzake wakamhimiza adai fidia. Akadai.

Kamati ya kiwanda ya watu watatu ilikaa kwenye ukumbi wa chakula, meza zimesogezwa ukutani. Mwenyekiti aliishika ripoti, akamtazama mgonjwa aliyekuwa ameegemezwa kwenye kiti na binti yake mkubwa.

"Mama, Kiingereza unakijua?"

"Sikijui."

"Basi karani akusomee, ili usije kusema tumekuficha."

Kamusi alisimama, karatasi aliyoichapa mwenyewe mkononi. Mtu wa stoo alikuwa nyuma, amekunja mikono. Meneja alikuwa akisafisha miwani.

"Hewa ya chumba cha rangi," Kamusi alisoma, "ni... isiyopendeza."

"Isiyopendeza," mwenyekiti alirudia. Akawageukia wenzake. "Hata hapa jikoni hewa haipendezi. Tukianza kumlipa kila aliyechukizwa na harufu, tutafunga kiwanda."

Mmoja wao alitabasamu. Mgonjwa alitaka kusema, kikohozi kikamdaka, nao wakangoja kwa heshima kiishe, kisha wakaandika kwamba madai yamekataliwa.

Haikupita wiki, mtu wa stoo alimwendea mgonjwa nyumbani na kumweleza yote. Habari za rasimu ile alizisikia kwa tarishi wa meneja. Jumapili Kamusi alipokwenda kumjulia hali, alimkuta kitandani, mito mitatu mgongoni, mabinti wakichambua mchele sakafuni. Alikaribishwa kiti.

"Kaka," mdogo wake alisema, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "nitajie yale maneno yako. Ya ubaya. Watoto hawajawahi kuyasikia."

"Pumzika kwanza, mdogo wangu."

"Nitajie."

Akayataja. Aliyataja polepole, na kila neno mdogo wake aliuliza maana yake, naye akamweleza. Lenye kuumiza. Lenye sumu. Lenye kuangamiza. Yalipofika kumi na matatu akanyamaza.

"Yote hayo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Haya." Akawageukia mabinti. "Mleteeni mjomba wenu viatu vyake, anaondoka."

Alikufa kabla ya mvua kuanza. Mazishini mabinti walimsalimu mjomba wao kwa adabu, wakampa mkono, na hawakumwita mjomba. Kiwandani chumba cha rangi kilipata mwanamke mwingine wiki ile ile. Kamusi aliendelea na meza yake ya droo mbili hadi alipostaafu. Saa ya chai alikunywa peke yake mezani, na hakuna aliyemwomba tena maneno, isipokuwa meneja.