Ukoo wa Kelderwick

Clifford Kelderwick alifia kwenye bwawa la kuogelea la mjini, Jumanne saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Hakuzama. Alikuwa muogeleaji hodari, na mlinzi wa bwawa alimtoa kabla hajanywa hata funda moja la maji. Moyo wake ulisimama tu, bila kumpa nafasi hata ya kupiga kelele.

Aliyeitwa kwenda kumtambua ni dada yake, Nora. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa sababu nilikuwa nikiishi naye ukuta kwa ukuta tangu mwaka 1984, mume wangu alipopata kazi kwenye machimbo ya mawe ya bonde letu, huku kaskazini mwa Uingereza. Hayo ninayosimulia yalitokea mwaka 1999. Nora alikuwa na miaka hamsini na minane, hakuwahi kuolewa, na alikuwa amestaafu posta, ambako alipanga barua miaka arobaini. Barua hizo ndizo zilizomtia kichaa cha majina. Alikuwa akiniambia, "Zena, nimepanga barua za watu milioni, na sijawahi kuona Kelderwick ambaye si ndugu yangu."

Ilikuwa kweli. Jina lao lilitokana na shamba moja tu, juu kabisa ya bonde, ambalo sasa ni kuta mbili na zizi la kondoo. Kwa lugha ya watu wa kale waliokuja na meli kutoka kaskazini, *kelder* ni chemchemi. Na *wick*, kwa Kiingereza cha kale, ni shamba la ng'ombe wa maziwa. Nora alimkuta mtu wa kwanza mwenye jina hilo kwenye orodha ya kodi ya mfalme ya mwaka 1379. Tangu hapo hawakuenda mbali. Ukutani jikoni kwake alibandika ramani ya Uingereza na kuchomeka pini moja kwa kila Kelderwick aliye hai: thelathini na tisa bondeni petu, kumi na wanne mjini Hull, walikofuata kazi za bandari ya samaki, na wanne kusini, Kent, waliofuata makaa ya mawe. Jumla hamsini na saba. Kwingine kote, ramani ilikuwa tupu.

Wiki mbili baada ya mazishi, daktari wa moyo, mama mmoja mfupi aitwaye Pargeter, alimwita Nora hospitalini.

"Bi Kelderwick, kuna mwingine kwenu aliyewahi kufa ghafla namna hii?"

"Baba mdogo Ambrose," Nora akasema. "Alianguka akikimbiza kondoo. Walisema ni jua."

"Mwingine?"

"Letty, dada yake babu. Alifia mtoni na miaka kumi na saba. Walisema alizama." Niliona mikono yake imeukamata mkoba. "Na mdogo wake Letty. Alianguka kanisani, kengele ilipolia. Mungu wangu."

Walimpima siku ileile. Alikuwa na ugonjwa wa moyo wa kurithi. Daktari alimweleza kwamba umeme wa moyo wake huchelewa kujipanga upya kati ya pigo na pigo. Kwa hiyo mbio, maji baridi au mshtuko wa ghafla unaweza kuusimamisha. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Vidonge vya kila siku vinasaidia sana, na kipimo chenyewe ni cha dakika kumi.

"Shida yetu," daktari akasema, "ni kwamba hatujui tumwambie nani."

"Mimi najua," Nora akajibu. "Wapo ukutani kwangu wote."

Akaanza kupiga simu siku iliyofuata, barua ya daktari ikiwa mbele yake. Nilikaa naye jikoni siku kadhaa nikimchemshia chai, na ninaweza kusema sijawahi kuona kazi ngumu kama ile.

"Halo, mpenzi, unaitwa Kelderwick? Mimi pia ni Kelderwick, nipo—"

"Hatununui kitu," na simu inakatwa.

Mmoja wa Hull alimsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Sasa wewe ni daktari, au ni mama mpweke tu mwenye simu?" Mwingine alilia. Bibi mmoja wa Kent alimwambia taratibu kwamba amezika wavulana wawili, na hakuna aliyewahi kumwambia sababu.

Aliyemchoma zaidi alikuwa wa hapahapa. Harold, binamu yake, mtoto wa kaka mkubwa wa baba yake, alikuwa mwenyekiti wa chama cha ukoo, na ndiye aliyetunza Biblia ya babu yao. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Umempigia mke wangu simu kumwambia mimi mgonjwa?"

"Nimemwambia ukapimwe, Harold."

"Natembea maili sita kila siku! Baba yangu alikufa na miaka tisini na mmoja, akilalamika kwamba supu imepoa. Jina hili limekaa hapa miaka mia sita bila aibu. Leo wewe unalipeleka hospitalini liwe jina la ugonjwa. Watu wataogopa kuoa kwetu!"

"Nani aliwahi kugombania kuoa kwetu, Harold?"

Harold akageuka, akasema akiwa amempa mgongo, "Usinipigie tena." Tukasikia gari lake likiondoka kwa hasira.

Hata hivyo, hadi Agosti Nora alikuwa amewafikia wote hamsini na saba. Arobaini na mmoja walipimwa. Tisa walikutwa nao na kuanza dawa. Jumamosi moja mchana Dakta Pargeter alipiga simu nyumbani kumpongeza. Nilikuwa namenya viazi. Nilimsikia Nora akicheka kidogo, halafu nikasikia kicheko kikikatika.

"Amesema nini?" nikamuuliza alipoweka simu.

"Ameniuliza, 'Na mabinti walioolewa je?'"

Akaenda kulichukua daftari lake la ukoo, akalifungua mezani juu ya maganda ya viazi. Ukurasa baada ya ukurasa, wavulana walishuka na watoto wao na wajukuu wao. Kila msichana aliishia kwenye neno moja: *aliolewa*. Nora alikuwa amefuata jina miaka kumi na moja, na jina huwaacha wanawake mlangoni. Ugonjwa hauwaachi.

"Nimehesabu nusu," akasema. "Zena, nimehesabu nusu tu."

Wengi wa wale wanawake alijua pa kuanzia kuwatafuta. Aliyemshinda alikuwa shangazi yake mwenyewe, Dorcas, aliyetoroka mwaka 1931 na mkata mawe Mkatoliki. Babu yao alikata jina lake kwenye Biblia kwa kalamu na kukataza lisitajwe tena. Lakini mamake Harold alikuwa akiandikiana barua na Dorcas kwa siri, na ilisemekana alikuwa akiandika vizazi vyake kwenye ukurasa wa nyuma wa Biblia ileile.

Nora alikaa akiitazama simu. Kisha akapiga.

"Nilikwambia usinipigie," sauti ya Harold ikasema. Aliipaza kiasi kwamba hata mimi nilimsikia.

"Usikate, tafadhali. Mimi ni mjinga, ulikuwa sahihi, sema utakalo. Nisomee tu ukurasa wa nyuma. Watoto wa Dorcas."

Tukasikia hatua, droo, karatasi. Harold akasoma kwa sauti ya mtu anayelazimishwa: Dorcas na Tobias Outhwaite walizaa mtoto mmoja, Leonard. Leonard alikufa na miaka thelathini na minne.

"Alikufa na nini?"

"Imeandikwa 'ghafla'." Harold akakohoa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Aliacha binti mmoja. Gail. Kazaliwa 1961." Tukasikia gazeti likifunguliwa. "Nora. Gail Outhwaite. Huyu yumo kwenye gazeti la wiki hii, kwa jina hilohilo la baba yake. Ndiye anayevuka ziwa kesho kwa kuogelea, kuchangia kikosi cha uokoaji milimani."

Tulitafuta namba yake, tukapiga mchana kutwa. Simu iliita tu. Mume wa jirani yake ndiye hatimaye aliyetuambia kwamba familia nzima imeshaenda kupiga hema kando ya ziwa. Nora alipiga polisi. Askari kijana alimwambia kwa heshima kwamba kuogelea si kosa.

Tukaondoka Jumapili alfajiri kwa gari langu, kwani daktari alikuwa amemkataza Nora kuendesha. Kuna mlima wa kuvuka, na juu kulikuwa na ukungu uliofunga kabisa. Niliendesha kichwa kikiwa karibu na kioo. Kondoo walilala katikati ya barabara, hawakutaka kuamka hata nilipowapigia honi, ikabidi nishuke kuwasukuma kwa magoti. Nora alikuwa akitazama saa. Nilikuwa nasikia pumzi yake, na nilikuwa naogopa moyo wake kuliko barabara.

Tulipofika ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Waogeleaji wapatao ishirini walikuwa tayari majini hadi kiunoni, kofia za mpira kichwani, mafuta yakiwang'aa mabegani. Mzee mmoja kwenye boti alikuwa ameshika kengele ya kuanzisha.

"Yupi ni Gail Outhwaite?" Nora akapiga kelele.

Mwanamke mrefu kwenye mstari wa mbele akageuka. "Ni mimi. Kuna nini?"

Nora hakungoja. Aliingia ziwani na viatu na koti lake. Nikamkimbilia nikimshika mkono. "Nora, maji! Umekatazwa maji baridi!" Akaniponyoka. Maji yalimfika magotini, mapajani, kiunoni, na nikamwona uso ukigeuka mweupe kama chaki.

"Usiogelee," akamwambia Gail. Meno yalikuwa yakigongana. "Nyanya yako Dorcas alikuwa Kelderwick. Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Sikujui wewe, mama. Na mimi siitwi Kelderwick."

"Najua. Ndiyo maana sikukupata mapema." Akavuta pumzi. "Ukoo wetu una ugonjwa wa moyo. Kaka yangu amekufa kwenye maji mwezi wa nne. Baba yako alikufaje?"

"Hayo hayakuhusu!"

Waogeleaji wengine walianza kunung'unika. Mtu akasema, "Mtoeni huyo mama, tunaganda!" Mwingine akacheka. Mzee wa kengele akauliza kama aanze au asianze.

"Nimejifunza kwa ajili ya leo mwaka mzima," Gail akasema, uso umemwiva kwa hasira. "Naogelea tangu nina miaka mitano. Unataka nitoke mbele ya watu wote hawa kwa sababu ya nyanya niliyemwona mara mbili?"

"Jibu swali moja tu, nami nitoke. Hujawahi kuzimia?"

Nilikuwa nimefika karibu nao sasa, maji yakiniuma miguu kama visu, na niliona macho ya Gail yakihama kutoka kwa Nora kwenda ufukweni, walikosimama mume wake na watoto wake wawili.

"Mara mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Shuleni, kengele ya moto ilipolia. Na siku nilipokimbilia basi. Walisema ni presha ya mitihani. Mama alisema najidekeza."

Hakuna aliyecheka tena. Gail alivua kofia yake, akaitupa majini kwa nguvu, akatoka bila kumtazama Nora. Mume wake alimfunika taulo. Nora alijaribu kumfuata, miguu ikamkataa, na mimi pamoja na mtu mmoja wa ufukweni tukambeba hadi kwenye gari. Kengele ilipolia nyuma yetu, mimi na Nora tulishtuka. Niliweka mkono wangu kifuani kwake na kuuacha hapo hadi mapigo yalipotulia.

Gail alipimwa Alhamisi. Alikuwa nao. Katika watoto wake wawili, mdogo alikuwa nao pia.

Mtu angetegemea shukrani. Gail aliandika barua moja fupi: alishukuru kwa ajili ya mtoto, lakini akasema kuogelea ndicho kitu pekee alichowahi kuwa nacho peke yake, na kwa sasa hataki kumwona aliyemnyang'anya. Nora aliisoma, akaikunja, akasema, "Ana haki." Kisha akarudi kwenye simu. Kufuata mabinti kulimchukua miaka minne. Waliongezeka hadi mia mbili na sita, wenye majina thelathini na manane tofauti, na wengine walikuwa wamefika hadi Tasmania. Harold ndiye aliyemsaidia kuandika barua. Alikwenda kupimwa mwenyewe, bila kumwambia mtu, akakutwa mzima kabisa. Nadhani aliona haya kidogo, kana kwamba wamemwambia yeye si Kelderwick kamili.

Nora alikufa mwaka 2015, kwa saratani, kitandani kwake. Mazishini alikuja mwanamke mrefu na kijana wa kiume wa miaka ishirini na miwili, mwenye kisanduku cha vidonge mfukoni mwa shati. Gail hakulia. Ibada ilipokwisha alinifuata nje akaniuliza kama kuna waliobaki ambao hawajapimwa.

"Kuna mmoja Hull," nikamwambia. "Alikata simu mara sita."

"Nipe anwani," akasema. "Mimi sitampigia. Nitakwenda."