Maandishi Chini ya Bakuli

Salma, mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu hapa Landani, alirudi na bakuli la kauri kutoka duka la vitu vikuukuu Edgware Road. Jeupe, ua la buluu ubavuni. Nililigonga kwa ukucha, likalia ting, nami nikawa tena na miaka saba kule Pemba.

Kijijini kwetu kulikuwa na jiwe la mzimu. Watu waliacha pale ubani, mayai na vyombo, na ukiondoa kitu, laana yako. Mimi niliondoa bakuli, jeupe kama hili la Salma. Kwetu tulikuwa tukinywea uji kwenye vifuu vya nazi. Bakuli kama lile wewe ungeliacha? Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu. Sikujua kusoma, basi nikaamini ndiyo laana yenyewe, imeandikwa.

Siku ya tatu mdogo wangu Hamadi akashikwa na homa, mwili unawaka. Nikaona nimemuua. Nikamwendea bibi yangu, mzaa mama, nikampa bakuli, nikamweleza yote, nikingoja kofi. Akaligeuza, akayatazama maandishi kwa muda, naye hajui alifu wala be. Kisha akamimina uji humo, akanywa wote, mwingine ukimchuruzika kidevuni.

"Sasa neno lake liko kwangu," akasema. "Nenda kalale."

Nikalala fofofo. Hamadi akapona, bakuli bibi akalirudisha mwenyewe, na mimi nikatamba kwa watoto wenzangu kwamba bibi yangu haogopi mzimu wala jini.

Juzi Salma akaligeuza hili lake. Maandishi mekundu yale yale. Akanisomea: limetengenezwa Japani. Kumbe laana yangu ilikuwa jina la nchi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha siku zote, kwamba Wajapani nao wana jiwe linaloua mtu akiligusa, na kwamba chombo kikifika miaka mia huingiwa na roho. Nikamwambia basi hao ni jamaa zetu.

Kicheko kilipokatika ndipo nikamfikiria bibi. Bibi yule hakupita penye jiwe lile bila kuvua viatu. Laana aliiamini kuliko mimi, na akainywa. Mkono wake ulitetemeka, naukumbuka vizuri, nikadhani anaunguzwa na uji.

Uji ulikuwa wa asubuhi. Ulishapoa zamani.